Mwanamke wa Tatu Kaburini

"Waheshimiwa mabibi na mabwana, kwa mamlaka niliyojipa asubuhi ya leo, ninafungua rasmi historia ya tamthilia ya Magharibi, kuanzia Wagiriki wa kale hadi siku zetu hizi. Wenye simu wazizime. Wenye watoto wachanga wakae karibu na mlango."

Hakuna aliyezima simu. Waheshimiwa wenyewe walikuwa sare tatu za uuguzi zilizoanikwa sebuleni, friji yenye kwikwi, na mtungi wa maji uliosimama kichwa chini juu ya mashine yake. Mhadhiri alikuwa Joram, umri miaka kumi na sita, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni huko Kisii, aliyekuwa juu ya stuli, shuka begani na bukta kiunoni. Ilikuwa Jumatano moja ya Aprili, mwaka wa 2011, saa nne asubuhi. Alikuwa na siku tano huko Al Wukair, nje kidogo ya Doha, na katika siku hizo tano hakuwa amezungumza na mtu yeyote kwa zaidi ya dakika kumi.

Si kwamba alikuwa ametupwa. Mama yake, Roselyne, alikuwa muuguzi katika hospitali ya huko tangu Joram akiwa na miaka minane. Alihangaika miezi mitatu kupata viza ili mwanawe aje kukaa naye likizo nzima. Aliomba ruhusa kazini, akaahidiwa, kisha akanyimwa wiki ileile ndege ya Joram ilipotua. Basi mambo yakawa hivi: gari la wafanyakazi lilimchukua mama saa kumi na moja alfajiri, mwana akiwa amelala, likamrudisha saa mbili usiku, mama akiwa amelala huku anatembea. Alikula macho yamefumba. Akiulizwa jambo alijibu, "Eeh, mwanangu," jibu lililotosha maswali yote, hata Jumatatu Joram alipomwarifu kwamba amefukuzwa shule na ameoa.

Nje hakukuwa na mtaa wa kusema. Kulikuwa na majumba mapya ambayo hayajahamiwa, malori ya maji, na barabara pana isiyo na hata mpita njia mmoja, maana huko mtu akionekana kwa miguu saa sita mchana watu hudhani kwamba kilichoharibika ni gari lake au akili zake.

Shuleni Joram alikuwa mtu wa watu. Ndiye aliyezika kengele ya chakula ndani ya gunia la maharagwe, wanafunzi mia sita wakakaa darasani hadi saa nane wakisubiri mlio. Lakini mzaha, kama alivyokuja kugundua ugenini, unahitaji watu wawili: wa kuutega na wa kuukuta. Jumapili alikuwa amezigeuza picha zote tano za ukutani, babu na nyanya wakaning'inia vichwa chini, akajificha nyuma ya pazia kusubiri. Mama aliingia, akatua mkoba chini ya babu, akaenda kulala. Jumanne Joram aliweka ndara za mama ndani ya friji. Alfajiri mama alizitoa akazivaa bila neno, kama mtu ambaye ndara zake hulala humo miaka yote.

Na asubuhi hiyo ya mhadhara Joram alikuwa amejikorogea chai, akapiga funda moja, akaitema. Kopo la sukari lilikuwa limejaa chumvi. Alilitazama kwa huzuni kubwa. Maskini mama, aliwaza, amechoka mpaka hajui sukari ni ipi na chumvi ni ipi. Akalimwaga, akaliosha, akatia sukari, na hakusema kitu, asije akamwaibisha. Kesho yake akakuta kamba za viatu vyake zimefungana mafundo matano. Hapo alijihurumia mwenyewe: huenda upweke humfanya mtu afunge viatu usingizini.

Tuurudie mhadhara. Joram alikuwa na daftari la somo la fasihi, na kwa kukosa kingine cha kusoma alikuwa amelisoma mara nne. Akafungua ukurasa wa kwanza.

"Hapo mwanzo," alilitangazia friji, "kulikuwa na kwaya tu. Watu hamsini wakiimba kwa sauti moja kumsifu mungu wa mvinyo. Hakuna aliyesema lake. Mpaka siku moja mtu mmoja akatoka kwenye mstari, akasimama peke yake, akageuka, akaijibu kwaya. Wagiriki wakamwita mwenye kujibu. Huyo, waheshimiwa, ndiye mwigizaji wa kwanza."

Alinyamaza kidogo, kama wafanyavyo wahadhiri, kumpa mtu nafasi ya kujibu.

Friji ilipiga kwikwi. Joram akashuka kwenye stuli.

*

Ijumaa ndiyo siku ya ibada huko, maana Jumapili watu wako kazini. Mama alikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi walikwenda pamoja Abu Hamour, kwenye uwanja wa makanisa, wakapita ukaguzi wa langoni, wakaingia kwenye ukumbi mdogo ambao kikundi chao cha Wakenya kilikuwa kikiupata kwa saa mbili kamili kabla ya Wafilipino. Ibada ilipokaribia mwisho mama alimwinamia Joram, akamwambia, "Velma atakurudisha," akatoka mbio.

Velma alikuwa mhudumu wa mkahawa huko The Pearl, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mbali, na ndiye aliyepanga shughuli zote za kikundi. Alisimama mbele na karatasi.

"Pasaka yenyewe wengi mna zamu," alisema. "Kwa hiyo sisi tutasherehekea Ijumaa ile ya baadaye, tarehe ishirini na tisa. Mwaka jana tuliimba tu. Mwaka huu nataka kitu cha kuonekana kwa macho. Kuna mtu hapa anajua mambo ya maigizo?"

Joram akajikuta amesimama.

"Mimi ni mwenyekiti wa chama cha maigizo shuleni kwetu," alisema.

Ukweli wa jambo hilo ulikuwa mdogo. Joram alikuwa mvuta pazia wa chama hicho, na hata pazia alinyang'anywa, baada ya kulifunga katikati ya mashindano, mfalme akiwa bado hajafa, mfalme akalazimika kufia upande wa nje, miguuni pa majaji. Lakini Abu Hamour ni mbali na Kisii.

Akawapa historia. Akawaambia kwamba Roma ilipoanguka tamthilia ililala mamia ya miaka, kanisa likifurahi kwamba imelala, na kwamba ni kanisa hilohilo lililokuja kuiamsha. Kiasi cha miaka elfu iliyopita, watawa wa Ulaya walianza kufanya jambo geni alfajiri ya Pasaka. Mmoja alivaa nguo nyeupe akakaa kando ya kaburi kama malaika. Watatu wakaja polepole kama wale wanawake waliobeba manukato. Malaika akauliza, mnamtafuta nani. Wakamjibu, Yesu Mnazareti. Akawaambia, hayupo hapa, amefufuka, nendeni mkatangaze.

"Halafu?" Velma aliuliza.

"Basi. Ndio mchezo wote."

Watu waliupenda papo hapo, kwa kuwa ungetosha kati ya wimbo na matangazo.

Nyuma kabisa mtu mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa Mutai, mlinzi wa lango la jumba fulani la ofisi, mrefu, mkimya, shati la kazi limepigwa pasi hadi kuonyesha mistari. "Hao wanawake watatu, mwalimu," aliuliza, "waliigizwa na nani?"

"Na wanaume," alisema Joram kwa uzito. "Watawa watupu."

Ukumbi ulicheka. Mutai hakucheka. "Basi niandike mimi," alisema. Na kwa kuwa Mutai ameandikwa, wenzake walimsukuma mbele Nahashon, dereva wa familia moja ya Kiqatari, mtu mnene mwenye haya, naye akaandikwa. Velma akajitwalia umalaika bila kuuliza mtu.

"Bado mwanamke wa tatu," alisema Velma.

"Mama yangu," Joram alijibu, na kalamu ikaandika kabla hajafikiri.

"Roselyne huyu? Hata kuombewa hajawahi kukaa akaombewa. Atafanya mazoezi lini?"

Hapo ndipo wazo lilipomjia Joram, zima, limevaa na viatu. Alikuwa na wiki mbili. Jumamosi ya tarehe thelathini angepanda ndege kurudi shuleni, na mpaka miaka miwili ipite asingemwona mama tena. Alichokitaka kilikuwa saa moja. Si ya kula macho yamefumba. Saa moja mama ameketi, yuko macho, anamtazama. Kuiomba hivihivi asingeweza, maana mtu aliyezika kengele ndani ya maharagwe haendi kwa mama yake akamwambia nimekukosa. Lakini agizo la kikundi cha kanisa mama asingelikataa.

"Kuna sheria," Joram alisema, akakohoa kidogo. "Sheria ya kale ya Wagiriki. Kila mwigizaji, kabla ya kupanda jukwaani, lazima akae saa moja na mwelekezi, nyumbani kwa mwelekezi. Mwelekezi humwuliza swali la malaika. Na mwigizaji haruhusiwi kujibu kwa maneno ya mchezo mpaka kwanza ajibu kwa jina la mtu anayemtafuta kwelikweli. Asiyekaa saa hiyo hapandi."

"Kila mmoja?" Nahashon aliuliza kwa hofu.

"Kila mmoja. Na huja na chakula."

*

Hakutarajia waje. Alitega mtego wa mtu mmoja, wakaingia watatu.

Nahashon alikuja Jumapili. Landkruza nyeupe ya bosi wake ilisimama chini ya dirisha, naye akapanda ngazi na mandazi katika mfuko, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Unamtafuta nani?" Joram aliuliza kwa sauti nene.

Nahashon aliyatazama mandazi yake. "Tiffany," alisema. "Binti yangu. Ana miaka mitano. Niliondoka akiwa tumboni. Juzi mama yake alimpa simu, akamwambia msalimie baba. Akasema, huyu si baba, huyu ni yule mtu wa simu."

Joram alikuwa amejiandaa kucheka akishaondoka. Badala yake akamsogezea mandazi, wakala wakisikiliza friji.

"Halas, saa imeisha," Nahashon alisema akitazama mkono. "Madam ananingoja kwa fundi wa nguo Al Wakrah." Mlangoni akageuka. "Hao Wagiriki walikuwa na akili, mwalimu."

Velma alifika Jumanne kwa mabasi mawili, jasho likimtoka, na mikate ya mkahawa iliyobaki tangu jana.

"Mimi ni malaika," alisema. "Mimi nauliza, siulizwi."

"Wote huulizwa."

"Haya, uliza upesi basi."

Akaulizwa. Akasema anamtafuta Jennifer, mdogo wake, ambaye walilala kitanda kimoja mpaka Velma akafika miaka ishirini. "Sasa nalala chumba cha wasichana wanane," alisema. "Wanane, na nikiota vibaya hakuna wa kunipiga teke niamke. Jennifer alikuwa anajua. Ananipiga teke, anageuka ukutani, analala." Kisha akafuta uso kwa kitambaa cha kichwani, akamwuliza Joram kwa nini sahani za juzi hazijaoshwa.

Jumatano Nahashon alirudi. Alidai kwamba saa yake ya kwanza haikumkaa vizuri.

Ila kila usiku, saa mbili, mlango ulipofunguliwa, Joram alisimama na daftari lake tayari.

"Mama, kikundi kimekuandika kwenye mchezo. Kuna saa moja ya mazoezi."

"Eeh, mwanangu."

"Ni sheria ya Wagiriki."

Kijiko kilikuwa bado mkononi na mama alikuwa ameshalala, kichwa kimeegemea ukuta, chini ya babu aliyening'inia. Joram alikitoa kijiko, akamvua viatu, akamfunika shuka lilelile la Kigiriki. Halafu akazima taa akakaa gizani, maana hata akitega mzaha ungemkuta nani.

Wengine walipouliza, alijibu kwamba mama anaendelea vizuri sana. Alipoulizwa tena, alisema mama ana kipaji. Kufikia wiki ya pili mama alikuwa amefanya mazoezi usiku sita mfululizo na mara mbili alikuwa ametoa machozi.

*

Alhamisi, mkesha wa onyesho, wote walipatana kukutana Al Wukair saa kumi na nusu alasiri. Mutai, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa hajaketi saa yake, alikuja saa tisa na nusu. Alibeba karanga kwenye karatasi. Aliketi, akaweka kofia gotini, akangoja.

"Unamtafuta nani?" Joram aliuliza.

"Mtu wa kubishana naye kuhusu Wagiriki," Mutai alisema.

Joram alicheka peke yake, kisha akaacha.

"Nilifundisha fasihi miaka tisa," Mutai aliendelea kwa utulivu, akimenya karanga. "Shule ya kutwa, karibu na Kericho. Mara mbili nilipeleka wanafunzi mashindano ya taifa. Sasa, hiyo sheria ya saa moja, mwalimu. Iko katika kitabu gani?"

Friji ilipiga kwikwi kwa niaba ya Joram.

"Ukurasa?"

"Nyuma nyuma," Joram alisema.

"Nyuma nyuma," Mutai alirudia, kama anayeandika alama ya mtihani. "Yale ya watawa ni kweli. Ya mwenye kujibu ni kweli. Ile saa niliijua ni yako tangu Ijumaa ile, uliposema wanakuja na chakula."

"Mbona hukusema?"

Mutai alipuliza maganda kiganjani. "Nina miaka minne langoni, kijana. Nafungua kizuizi labda mara mia tatu kwa siku. Good morning, sir. Good morning, madam. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia keti hapa saa moja, nikuulize swali. Nikuharibie kwa faida gani? Zamu yangu ya kuulizwa nimeihifadhi makusudi mpaka mwisho, kama mtu anavyohifadhi nyama ya pilau." Akala karanga moja. "Lakini mama yako hajafanya mazoezi yoyote."

"Amekwambia nani?"

"Wewe. Kila akitajwa unatazama mlango."

Joram alitazama mlango, akajishika, akatazama miguu yake.

"Sitasema kitu," Mutai alisema. "Mimi leo ni mwanamke tu anayekwenda kaburini. Wewe ndiye mwelekezi."

Hatua zilisikika kwenye ngazi. Velma na Nahashon walikuwa wamefika pamoja kwa Landkruza, wakibishana kama malaika huvaa viatu. Baada ya robo saa mazoezi yakaanza. Velma alikaa juu ya katoni akiwa amejifunga kitambaa cheupe cha meza. Nahashon na Mutai walijitanda leso vichwani, kila mmoja na chupa ya mafuta ya kupikia badala ya manukato. Mahali pa mwanamke wa tatu palisimama ufagio, umevishwa sare ya uuguzi.

"Mama atafika zamu yake ikiisha, saa mbili," Joram aliwaambia. "Maneno yake anayajua vizuri kuliko mimi."

Wanawake wawili na ufagio walianza kutembea kuelekea kwenye friji, ambayo siku hiyo ilikuwa kaburi. Nahashon aliubeba ufagio kwa heshima, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono.

Ufunguo ukageuka mlangoni.

Roselyne aliingia saa kumi na moja jioni, saa tatu kabla ya wakati wake, mkoba begani. Akawaona wanaume wawili wamejitanda leso zake, sare yake imesimama yenyewe, na mwanamke aliyejifunga kitambaa cheupe juu ya katoni. Hakuna aliyejua la kufanya. Velma peke yake ndiye aliyeona kwamba mchezo hauvunjwi katikati, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Mnamtafuta nani?"

Roselyne alitazama nambari ya mlango, akatazama tena ndani.

"Namtafuta mwanangu," alisema. "Hii si nambari kumi na mbili?"

Nahashon alicheka mpaka leso ikaanguka. Velma alishuka kwenye katoni akamshika Roselyne mikono yote miwili. "Mama Joram, umejibu vile sheria inataka. Jina la kweli kwanza. Sasa nimeamini. Mwanao alituambia umefanya mazoezi usiku sita na ukalia mara mbili."

"Mazoezi gani?"

Nahashon akaushusha ufagio polepole. Mutai akakagua dari. Wote wengine wakamtazama Joram.

Lakini mama hakumkazia macho. Alikuwa anazitazama picha za ukutani. "Bado hujazigeuza," alisema.

"Uliziona?"

"Usiku uleule. Alfajiri yake niliketi hapa chini nikamtazama baba yangu kichwa chini, nikacheka peke yangu mpaka dereva akapiga honi. Nilitaka kukuamsha. Ulikuwa umelala mdomo wazi. Nikaona nikujibu tu."

"Ukanijibu vipi?"

"Chumvi."

"Ulidhani nimechoka kiasi hicho?" mama aliuliza. "Mimi napimia watu dawa kwa matone. Nikangoja unichekee. Kopo nikalikuta limeoshwa, limejazwa sukari, kimya. Nikafunga kamba za viatu, mafundo matano, gari linanguruma chini. Kimya. Nikasema labda amekuwa mkubwa, michezo yangu haimwingii tena. Leo nimebadilishana saa na mwenzangu, nitamlipa Jumapili. Kesho kutwa unaondoka. Nilitaka nikukute uko macho."

Velma alikohoa, akamweleza kwa upole habari ya mchezo, mwanamke wa tatu, na sheria ya Wagiriki: saa moja na mwelekezi, swali, jina la kweli, bila hivyo mtu hapandi. Roselyne alisikiliza yote. Kisha akatua mkoba, akavuta stuli, akaketi mbele ya mwanawe na viatu vyake vya kazi mguuni.

"Kama ni sheria ni sheria," alisema. "Saa yangu ianze."

Alikuwa ameketi. Alikuwa macho. Alikuwa anamtazama. Yote aliyoyapanga Joram kwa wiki mbili yalikuwa mbele yake, na kazi iliyobaki ilikuwa kutazama saa ya ukutani na kusema, haya. Akatazama chini badala yake. Vifundo vya miguu ya mama vilikuwa vimevimba, soksi zimechimba mfereji mwekundu kuzunguka kila kimoja, na mama alikuwa ameibana miguu ile pamoja chini ya stuli, imetulia, kama mtoto aliyeambiwa asubiri na akakubali kusubiri.

"Hakuna sheria," Joram alisema.

"Sheria ipi?"

"Ya saa moja. Niliitunga. Nilitaka ukae na mimi, nikaona ukiagizwa na kanisa utakaa. Hawa nao wakaja. Nahashon amekuja mara tatu na leo. Velma amepanda mabasi. Na mimi si mwenyekiti wa maigizo, nilikuwa navuta pazia, na pazia lenyewe walininyang'anya. Na usiku hujafanya mazoezi, umekuwa umelala na kijiko, mimi ndiye nilikuwa nakitoa." Pumzi ikamwishia, akavuta nyingine. "Na chakula pia. Wagiriki hawakuleta mandazi."

Nahashon alimgeukia Mutai, kama anayesubiri asikie kwamba angalau mandazi ni kweli. Mutai akatikisa kichwa.

Roselyne hakuinuka kwenye stuli. Aliinama, akafungua kamba ya kiatu cha kwanza, halafu cha pili, akavisukuma kando.

"Kwa hiyo Wagiriki wote umewasingizia," alisema.

"Wote," Joram alisema. "Isipokuwa yule aliyejibu."